Kwa Hela ya Upande Gani

Solwezi,
Jumapili, baada ya ibada.

Obadia mdogo wangu,

Shikamoo.

Hujasoma vibaya. Najua kwa utaratibu wa kwetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni siku zile Mama alipokuwa akivuka mpaka kwenda Nakonde na mchele wake. Lakini kwa jambo nililokutendea sioni kama nina haki ya kukaa nikingoja uniamkie. Kwa hiyo leo naanza mimi. Ukiitikia nitashukuru, ukinyamaza nitaelewa.

U mzima lakini? Mgongo unaendeleaje? Nauliza mgongo kwa sababu wifi kaniambia unabeba magunia kwenye maghala ya watu hapo Mpemba, na mimi siku uliyoanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Vwawa nilikuwepo, nakumbuka ulivyolala kifudifudi wiki nzima. Unakula nini jioni? Usiniambie ugali na chumvi, nakufahamu ukikasirika unavyojinyima. Katika mfuko huu nimeweka vinkubala, wale viwavi wakavu uliokuwa ukiwaiba kwenye kapu la Mama. Wakaange kwa nyanya na kitunguu. Huwezi kumkasirikia mtu vizuri tumbo likiwa tupu.

Barua na mfuko anavileta yule dereva wa Mpemba tunayemwita Bwana Taratibu. Mwendo wake unaujua, kwa hiyo kama mvua za huko zimeshaanza wakati unasoma, mlaumu yeye. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu umetoka kwenye grupu la familia, simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unakaa na alama moja tu kama mgeni aliyefungiwa mlango. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya vibaya zaidi, na hilo nalo unalijua, maana kati yetu wawili mwenye mdomo ni mimi.

Mimi ni mzima wa mwili. Bado niko kwenye kantini ya kambi ya mgodi, bado ni karani wa stoo, bado nahesabu unga, mafuta na kuku waliogandishwa kwa ajili ya wanaume wanaokula kama gari lililokatika breki. Huku mvua zimeshanyesha, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Usiku nasali vizuri, usingizi ndio hauji. Sababu yake ndiyo hii ninayokuandikia.

Nianze mwanzo, maana wewe uliona mwisho tu.

Unakumbuka likizo ile nilipokuja na simu mpya nikakukalisha jikoni kwa Mama, pale Itaka, nikakuonyesha programu ya kufuatilia uwekezaji. Mhasibu wa kambini ndiye aliyeniwekea. Nilijiona nimepanda cheo. Wewe ulicheka ukasema, "Dada, sasa umekuwa benki." Nikaingiza kila kilicho chetu huko nyumbani: magunia ya mchele na mahindi ya stoo ya Mpemba, shamba la kahawa nililonunua jirani na la marehemu Baba, na vile vipande vya mfuko wa uwekezaji nilivyokuwa nakutumia hela uninunulie kidogo kidogo. Kwa upande wa huku nikaingiza akiba yangu ya benki na chilimba, yaani ule mchezo wa kupeana fedha kila mwezi ambao wanawake wa jikoni tunaucheza.

Programu iliniuliza swali moja mwanzoni kabisa: hesabu zako zote zisomeke kwa fedha ya nchi gani? Nikachagua kwacha. Mshahara wangu ni kwacha, nikaona ndiyo sawa, nikaendelea. Swali hilo halikunichukua hata muda wa kumeza mate.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukawa unanitumia sauti yako. Nimezirudia zote wiki hii, Obadia, moja baada ya nyingine, nikiwa nimekaa kwenye kreti ya soda nyuma ya jiko. "Dada shikamoo. Magunia yako ni arobaini na mawili. Panya wamekula kama nusu debe, nimenunua paka. Paka ni gharama yangu usiandike. Bei ya gunia wiki hii imeongezeka kidogo, mimi nashauri tusubiri Januari. Kahawa imechanua vizuri upande wa bondeni, upande wa juu bado. Bei ya kipande nimeangalia jana, imepanda." Kila mwezi hivyo hivyo, na nyuma yako jogoo la wifi linakuingilia kati. Mtu anayeripoti hadi nusu debe la panya ndiye niliyemwita mharibifu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchukua maneno yako kuyaingiza kwenye simu kisha kutazama mstari unaoonyesha thamani ya vyote. Nisikufiche, ule mstari ulinilevya. Ukipanda natembea kifua mbele, ukishuka nanuna. Niliuchungulia kazini, niliuchungulia kitandani, na siku moja mchungaji akiwa katikati ya mahubiri niliuchungulia chini ya kitabu cha nyimbo. Mwaka huu ukaanza kushuka. Kilichonichoma ni kwamba vitu vyangu vya huku, benki na chilimba, vilibaki kijani, na vyote vilivyo mkononi mwako viligeuka vyekundu: mchele, mahindi, kahawa, vipande. Kila ulichonitangazia kwamba kimepanda, simu ilisema kimeshuka. Na mimi, kati ya ndugu yangu na simu, nikaiamini simu.

Jumatano ile niliyoandika kwenye grupu nilikuwa nimeamka vibaya. Ndoo nne za mafuta ya kupikia zilikuwa hazionekani stoo, na msimamizi alinisimamisha mbele ya wapishi akaniuliza zimekwenda wapi, kwa sauti ya mtu ambaye jibu lake keshalipata. Miaka sita nipo pale, sijawahi kuondoka hata na kijiko. Kesho yake mafuta yalipatikana, hayakuwa yamepotea popote, yalikuwa yameandikwa mara mbili wakati wa kupokea. Lakini jioni ya Jumatano hiyo hilo sikulijua. Nilirudi chumbani, nikafungua programu, nikakuta wekundu umeongezeka. Nilishukiwa asubuhi, jioni nikakushuku wewe.

Maneno niliyoandika kwenye grupu unayajua, lakini nitayaandika hapa kwa mkono wangu, nisije nikajifanya nimeyasahau. Nilipiga picha mstari ule mwekundu nikaandika: "Kila kinachopita mkononi mwa Obadia kinayeyuka. Tazameni wenyewe." Nikaweka na tarakimu ya hasara. Nikaweka mbele ya Mama, mbele ya mkeo, mbele ya baba mkubwa. Hasira hasara, walisema wazee, nami nikadhani wanasema juu ya watu wengine.

Hakuna aliyejibu isipokuwa baba mkubwa, aliyeandika neno moja: "Tumeona." Baadaye nikaona umetoka. Asubuhi wifi akanitumia ujumbe kwamba umepeleka funguo za stoo kwa Mama, umeziweka juu ya meza, ukaondoka. Mimi, mdogo wangu, nilisema, "Mwenye kosa siku zote hukimbia." Nalisema hilo kwako leo kwa sababu nataka ujue nilifika umbali gani.

Wiki mbili baadaye Bwana Taratibu akaja na bahasha yako. Ndani yake kwacha, zimefungwa na mpira, pamoja na karatasi uliyochana kwenye daftari la mwanao Neema: "Dada, hasara hii hapa. Hesabu ikae sawa. Obadia." Hukuweka hata salamu. Nilizihesabu mbele yake. Zilikuwa sawasawa na tarakimu yangu nyekundu, na zile ngwee za mwisho ulizijaza zikawa kwacha nzima, ili nisije nikasema umepunja.

Hapa ndipo panaponiuma kuandika kuliko kote. Nilipoziona, neno la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa: kumbe alikuwa nazo.

Sasa, ndani ya bahasha kulikuwa na kijikaratasi kingine, ambacho nadhani wewe hukukusudia kuniletea. Risiti ya duka la kubadilishia fedha hapo Tunduma. Nilitaka kukitupa. Macho yakaanguka kwenye bei ya kwacha moja, na nikakaa chini.

Sisi tumelelewa Mpemba, Obadia. Tulikuwa tunajua bei ya kwacha ya asubuhi kabla hatujanawa uso, kwa sababu Mama alikuwa akiamka anauliza hilo kabla ya kuuliza kama tumelala salama. Nilipotazama risiti yako niliona shilingi ulizotoa ni nyingi mno kwa kwacha zile. Krismasi nilipokuja nilibadilisha mwenyewe kwenye duka hilo hilo, bei naikumbuka. Kwacha imepanda sana tangu hapo, na mimi niliyeacha kuuliza bei ya asubuhi sikuwa na habari. Nalipwa kwacha, nanunua kwa kwacha, itanihusu nini?

Nikachukua penseli na ile karatasi yako, nikageuza nyuma, nikaanza kuhesabu kama Mama: mchele kwa shilingi tulizonunulia, mchele kwa shilingi za leo. Kuna faida. Mahindi, faida, ndogo lakini ipo. Kahawa, msimu huu umeuza kuliko msimu uliopita. Vipande vimepanda kila mwezi kama ulivyosema, mwezi hata mmoja hukukosea. Hakuna kilichoyeyuka. Ulikuwa ukiongeza, na ile simu ilikuwa ikichukua shilingi zako zilizoongezeka na kuzigeuza kwacha zilizopanda bei, zikaonekana kidogo, ikapaka rangi nyekundu. Simu haikusema uongo. Iliniambia nilichoiomba. Mtu angeweza kusema ningeziacha fedha zangu zote kwenye kwacha ningekuwa na zaidi, na ni kweli. Lakini kuzileta nyumbani ulikuwa uamuzi wangu mimi, haukuwa mkono wako.

Nikampigia wifi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, shilingi zile ulizitoa wapi. Akasema, "Dada, ameuza Masika na Kipara."

Sijui niandike nini hapa. Nilikuwa stoo. Nilikaa juu ya mifuko ya unga nikalia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye nywele nyeupe mbili tatu, hadi Mutale, mmoja wa wapishi, akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nimepata taarifa ya msiba. "Awe, ba Tabita," akasema, yaani hapana, dada Tabita, "nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, ndugu yangu ameuza maksai wake wa kulimia kwa sababu ya kosa langu la hesabu. Mutale ni mtoto wa wakulima wa Kasama. Alikaa juu ya unga pembeni yangu mpaka ugali ukaungua.

Maana ninajua maksai wale ni nini. Uliwanunua wakiwa ndama kwa hela yako ya vibarua vya kuchuma kahawa. Uliwafundisha nira wewe mwenyewe, miezi, ukirudi na magoti yaliyochubuka. Masika hageuki mpaka asikie sauti yako, Kipara alikuwa anageuka kabla hujamwita. Kwa ng'ombe wale ulilima shamba lako, la Mama, la mjane wa jirani bila malipo, na ukalima hadi palizi za kahawa yangu mimi. Hawakuwa kwenye programu yangu kwa sababu hawakuwa wangu. Na wewe ukauza kilicho chako, ukajaza shimo ambalo halikuwepo, kisha ukaenda kubeba magunia Mpemba ili upate hela ya kukodi ng'ombe wa watu. Yote hayo usije ukaitwa mharibifu mara ya pili. Nisamehe, Obadia. Nisamehe, mdogo wangu. Nimelisema mara nyingi peke yangu, sasa nalisema kwako.

Nilimpigia Mama siku hiyo hiyo. Alipokea akasema, "Unataka nini tena, karani?" Hajaniita hivyo maisha yangu yote. Nikamweleza yote, risiti, kwacha, shilingi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema: "Mimi shule sikwenda. Lakini miaka yote nimevuka pale na mchele kichwani, kwacha kibindo cha kushoto, shilingi kibindo cha kulia. Mtu akiniambia Mama umepata hasara, namuuliza, kwa hela ya upande gani? Nimekuzaa Mpemba, Tabita. Swali hilo ulilinyonya." Nikasema ndiyo Mama. Akasema, "Ulipiga picha hasara ukaturushia. Sasa piga picha na aibu yako, nayo uirushe."

Nikaifanya. Niliandika kwenye grupu kosa langu lote, nikaweka picha ya risiti yako na ya hesabu yangu ya penseli, nikamtaja kila niliyemsikilizisha uongo juu yako. Ujumbe huo wewe hukuuona kwa sababu ulishatoka, lakini wifi anao, mwombe akuonyeshe. Baba mkubwa akajibu tena: "Tumeona." Safari hii akaongeza alama ya mikono iliyoshikana, na kwa baba mkubwa hiyo ni hotuba.

Kisha nikamwomba Mama awatafute ng'ombe. Fedha zako za bahasha nikazirudisha kwake, na kwa bahati zamu yangu ya chilimba ilikuwa imefika, nikaitoa yote nikaiongeza. Usigombe. Hiyo haikuwa hela ya kodi wala ya dawa, ilikuwa ya kununua sofa, na makalio yangu yameshazoea kreti. Mama alikwenda Ruanda ya huko kwetu, kwa miguu nusu ya njia, akampata mzee aliyenunua mnadani. Mzee akasema hauzi. Mama akakaa uani kwake akavua viatu, akamwambia anapumzika kidogo. Kufika saa tisa mzee akawa anauza, kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia, na hapo Mama anasema alimbania.

Masika yupo, Obadia. Yupo kwa Mama sasa hivi, amefungwa nyuma ya jiko, na Mama anasema tangu afike anatazama njia.

Kipara hayupo. Mzee yule alikuwa ameshamtoa kwa ndugu yake aliyekuwa na harusi, na harusi ilikuwa imepita. Nilimwuliza Mama mara tatu, nikidhani labda nimesikia vibaya. Hilo siwezi kulirudisha, wala kwa kwacha wala kwa shilingi, na sitakuambia nimelirudisha. Kila utakapoona nafasi yake kwenye nira utanikumbuka mimi, na una haki. Mama amenunua dume mwingine mchanga kuziba nafasi hiyo, pembe moja imevunjika kidogo, miguu imara, lakini nira haijui kabisa. Hana jina. Mwachie Neema ampe.

Mama na wifi nimewaomba wasikuambie chochote mpaka barua hii ikufikie, kwa sababu nilitaka usikie kosa kutoka kwangu kabla ya kusikia habari ya ng'ombe. Sikutaka ionekane nakununua.

Liko jambo jingine, na hili si la kuomba msamaha, ni la haki. Nilipobadilisha programu isome kwa shilingi, na mstari ukapanda kama ulivyokuwa ukiniambia siku zote, niliona mahali pa kuandika gharama za usimamizi. Kwenye vipande, wanaosimamia mfuko wamekata chao kila mwezi, watu ambao sijawahi kuona sura zao, na sijawahi kulalamika. Kwenye stoo, sifuri. Kwenye kahawa, sifuri. Miaka mitatu umefungua mlango ule, umegeuza magunia, umepuliza dawa, umenunua na paka, na mimi nimeandika sifuri. Hata programu ilikuwa imeacha nafasi yako, mimi ndiye sikuijaza. Kuanzia mauzo ya Januari, robo ya faida ya mchele na mahindi ni yako, na robo ya kahawa, kwa maandishi, Mama na baba mkubwa wakiwa mashahidi. Ukikataa kwa sababu ya hasira nitaiweka kwa jina lako hadi hasira iishe. Funguo Mama bado anazo, hajampa mtu. Huna lazima ya kuzichukua. Ukisema kazi hiyo basi, nitauza kilichomo tugawane, na sitasema neno.

Kwenye simu sikuifuta ile programu, maana najua ungeniuliza. Haikuwa na kosa. Ila sasa kabla sijautazama mstari nakusikiliza kwanza wewe hadi mwisho, na jogoo la wifi pia.

Nisalimie Mama, mwambie miguu aikande kwa maji ya moto, asijifanye msichana kwa sababu amemshinda mzee wa Ruanda. Nisalimie wifi yangu mama Neema, aliyekuwa na sababu zote za kunitukana na badala yake akanipa shikamoo kila siku. Baba mkubwa mpe heshima yangu, mwambie nimeona kwamba ameona. Mjane wa jirani mwambie shamba lake halijasahauliwa. Na Neema mbusu, mwambie shangazi anamshukuru kwa karatasi ya daftari.

Nimalizie, Bwana Taratibu anapiga honi getini, na kwa mtu wa mwendo wake hiyo ni dalili kubwa. Kama huwezi kunisamehe sasa, usijilazimishe. Hasira yako itunze, nitakuja Krismasi kuichukua mwenyewe, unisemee yote usoni mbele ya yeyote unayemtaka. Lakini mvua haina ndugu wala ugomvi. Acha magunia ya watu, panda gari kesho, nenda Itaka ukalime.

Huyo mpya mfunge upande aliokuwa Kipara. Siku za kwanza atakukanyagia mistari na kukuharibia kazi. Akikosea, usimtangaze kwa watu. Mwambie yeye.

Dada yako akupendaye,
Tabita